FUNDI NYUMBANI: Kusafisha kabureta ni nusu ya kazi

Ndugu msomaji, yapo makosa ya ufundi yanayomgharimu mtu fedha, na yapo yanayoweza kumgharimu maisha. Kurudisha kabureta ya pikipiki pasipo uangalifu ni kosa linaloweza kuwa la aina zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana ukurasa wetu wa Jumapili hii hautakawia sana katika usafishaji wenyewe, ambao mafundi wengi na hata wenye pikipiki wamekwisha kuuzoea. Tutazungumzia saa ile moja inayofuata, wakati vipande vyote vimekauka, vimepangwa juu ya gazeti kuukuu, na mwenye chombo ana haraka ya kukisikia kikinguruma tena.

Haraka hiyo inaeleweka. Kwa jamaa nyingi za mjini pikipiki si pambo. Ndiyo inayomfikisha mfanyakazi wa zamu kiwandani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo inayobeba ndoo za samaki kutoka feri, na kwa vijana wengi ndiyo ofisi yenyewe. Siku moja pikipiki isipotembea, siku hiyo chungu huinjikwa kwa wasiwasi. Lakini ni haraka hiyohiyo inayomfanya mtu asahau oringi moja, au akaze nati upande mmoja tu, au aingize kipande kinyume. Kazi iliyokuwa imekwenda vizuri tangu asubuhi huharibika katika dakika kumi za mwisho.

Mfano wa CG125

Ili maelezo yetu yawe na mahali pa kusimama, tutachukua pikipiki moja inayojulikana sana: Honda CG125. Pikipiki hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, na ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya na mafundi wasio na zana nyingi. Injini yake ina silinda moja, na vali zake husukumwa kwa fito badala ya mnyororo, ili matengenezo yasimshinde fundi wa kijijini. Uundaji wake kwa soko la Ulaya ulikoma mwaka 2008. Hata hivyo mtindo wa injini yake uliigwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki za jamii hiyo zimeingia nchini mwetu kwa wingi. Kwa hiyo msomaji mwenye pikipiki ya jina jingine asiukunje ukurasa huu. Yumkini kabureta yake ni ndugu wa damu wa hii tunayoieleza.

Kabureta ni chombo chenye umri mkubwa. Mwaka 1885 Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda chombo kilichofanana na baiskeli chenye injini ya petroli. Miaka minane baadaye, yaani mwaka 1893, Maybach alibuni kabureta inayonyunyiza petroli kupitia tundu dogo. Mwaka huohuo Wahungaria Donát Bánki na János Csonka nao walipata hataza ya kabureta yao. Tangu hapo umbo limebadilika mara nyingi, lakini kanuni ni ileile: hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, kasi yake huongezeka, mkandamizo wake hupungua, na petroli iliyomo katika bakuli la chini hupanda na kutawanyika kama umande ndani ya hewa hiyo.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Ili petroli iungue sawasawa, kilo moja yake huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu, utaona kwamba lita moja ya petroli hutaka karibu lita 9,000 za hewa, sawa na mapipa 45 makubwa ya lita 200. Kabureta, basi, ingawa tunaiita chombo cha mafuta, kwa hakika ni chombo cha hewa. Ufa mwembamba kama unywele, usiopitisha hata tone la petroli, waweza kuingiza hewa ya kutosha kuharibu kipimo chote. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakifikiria pikipiki, lakini fundi wa pikipiki hana budi kuukumbuka usemi huo kila ashikapo spana.

Kabla ya yote: mahali na petroli

Kazi hii ifanyike nje au katika kibaraza chenye hewa, mchana, injini ikiwa imepoa. Isifanyike karibu na jiko la mkaa, wala jiko la mafuta ya taa, wala mtu anayevuta sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama moshi wa ubani na kuufuata moto mahali ulipo. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kuusambaza moto.

Na hapa tunasema na wazazi. Petroli iliyotumika kusafishia isiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kutofautisha. Ikiwa bahati mbaya imetokea na mtoto amekunywa petroli, asilazimishwe kutapika, kwa maana petroli inapopanda tena huweza kuingia mapafuni, na madhara yake huko ni makubwa zaidi. Apelekwe hospitali mara moja. Vilevile fundi asivute petroli kwa mdomo kupitia mpira. Desturi hiyo imezoeleka, lakini mazoea hayaondoi sumu.

Ukaguzi mezani

Kabureta isirudishwe kwenye injini kabla ya kukaguliwa mezani. Hakikisha kwanza jeti zote mbili, kubwa na ndogo, zimekazwa mahali pake. Jeti hutengenezwa kwa shaba nyeupe, madini laini. Zikazwe kwa bisibisi inayoenea vizuri katika mkato wake, na kwa nguvu ya vidole tu. Angalia mwangani kama matundu yanapitisha nuru. Tundu la jeti ndogo aghalabu huwa chini ya nusu milimita. Likiwa na kidoa tu cha uchafu, injini haitatulia katika mwendo wa chini. Lisichokolewe kwa waya wa chuma, kwani waya hulipanua, na jeti iliyopanuka hunywa petroli siku zote za uhai wake.

Pili, litazame boya. Hili huelea juu ya petroli iliyomo bakulini, na likipanda husukuma sindano fupi inayofunga mlango wa petroli. Liinue na kulishusha kwa kidole: litembee pasipo kukwama. Litikise sikioni, ukisikia maji yakicheza ndani, boya limetoboka na halifai. Ncha ya sindano fupi iwe laini pande zote, isiwe na alama ya mviringo iliyochimbika.

Tatu, gasketi ya bakuli na oringi. Mipira hii ikilowekwa katika petroli au dawa kali ya kusafishia, huvimba na kukataa kuingia katika mfereji wake. Wengi huilazimisha, ikabanwa upande mmoja na kukatika. Iache ikauke hewani kwa saa kadhaa; mara nyingi hurudi katika kimo chake. Isiporudi, nunua nyingine. Ni kipuri cha bei ndogo, na ubahili katika jambo hili ni hasara.

Nne, skrubu ya hewa, ile ndogo iliyo ubavuni inayorekebisha mchanganyiko wa mwendo wa chini. Kabla ya kuitoa wakati wa kusafisha, ilipasa kuizungusha kuelekea ndani taratibu hadi iguse, huku ukihesabu mizunguko, na kuiandika idadi hiyo kwenye karatasi. Sasa irudishe hadi iguse kwa wepesi, kisha ifungue kwa idadi ileile. Kama hesabu haikuandikwa, anza na mzunguko mmoja na nusu hadi miwili, ndipo urekebishe injini ikiwa moto. Isikazwe kwa nguvu: ncha yake ni nyembamba, na ikivunjika humo ndani, kabureta nzima imekwisha.

Mwisho wa ukaguzi wa mezani ni jaribio ambalo mafundi wenye haraka hulipuuza. Unganisha kabureta na chombo kidogo chenye petroli kilichoinuliwa juu, uishike wima kama itakavyokaa kwenye injini, uache petroli iingie, ungojee dakika tano. Petroli ikitoka kwa mfululizo katika bomba la ziada, sindano ya boya haifungi. Ni nafuu kuligundua hilo juu ya meza kuliko barabarani, petroli ikidondokea ekzosi yenye moto.

Kipande kinachobeba uhai

Ndani ya kabureta ya namna hii kimo kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka kila mshikio wa mafuta unapozungushwa. Katika maelezo yetu tutakiita mlango wa hewa. Kikipanda, hewa na petroli huongezeka na pikipiki hukimbia. Kikishuka, pikipiki hupunguza mwendo. Juu yake kuna springi inayokisukuma kushuka, na chini yake inaning'inia sindano ndefu inayoingia katika tundu la petroli.

Ndugu msomaji, kama utasahau mengine yote, usisahau haya yanayohusu mlango wa hewa. Upande mmoja wa kipande hiki una mfereji mrefu, na ndani ya mwili wa kabureta kuna pini ndogo. Mfereji lazima uikalie pini hiyo. Chini yake kuna mkato wa mshazari, na mkato huo lazima uelekee upande wa chujio la hewa, si upande wa injini. Kikiingizwa kinyume, hakishuki mpaka mwisho. Injini ikiwashwa itanguruma kwa kasi papo hapo, na mwendeshaji ataona ajabu kwamba anarudisha mshikio lakini pikipiki haitii. Katika uwanja mtupu hilo ni fadhaa. Katika makutano ya barabara, abiria akiwa nyuma, ni msiba.

Basi kiingize taratibu, ukikizungusha kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi pini imekaa katika mfereji, kisha kishuke chenyewe kwa uzito wake. Kikikataa, usikisukume kwa bisibisi. Kitoe uanze upya. Sindano ndefu ina mikato kadhaa juu yake, na klipu ndogo hukaa katika mmojawapo. Irudishe klipu katika mkato uleule uliokuwapo. Klipu ikipandishwa, sindano hushuka na petroli hupungua. Ikishushwa, sindano hupanda na petroli huongezeka. Kifuniko cha juu, ambacho katika baadhi ya kabureta huzungushwa na katika nyingine hufungwa kwa skrubu mbili, kiingie sawasawa katika njia yake, kisipande kwa ubavu.

Kuifunga kwenye injini

Kama ulizuia tundu la injini kwa kitambaa ili nati au uchafu usidondokee ndani, na ulifanya vyema kama ulifanya hivyo, sasa ndiyo saa ya kukitoa. Kihesabu miongoni mwa zana zako, maana vitambaa vilivyosahauliwa humo si vichache.

Kati ya kabureta na injini kuna kipande kinene kinachozuia joto lisipande kwenye kabureta na kuichemsha petroli. Kisiachwe, na kisibadilishwe kwa kipande cha bati. Futa nyuso zote zinazokutana, ondoa mabaki ya gasketi ya zamani kwa ukucha au kijiti, si kwa kisu, maana mchubuko wa kisu ni njia ya hewa. Weka oringi mpya au iliyo nzima. Gundi ya gasketi isipakwe hapa. Petroli huiyeyusha, na vipande vyake husafiri hadi katika jeti ulizozisafisha.

Nati mbili za kabureta zianzwe kwa vidole zote mbili. Kisha kwa spana namba 10, yenye mkono mfupi, kaza hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu, mpaka zikamate. Mtu anayeikaza moja mpaka mwisho kisha akaifuata ya pili huupinda uso wa kabureta. Na uso uliopinda haufungi tena, hata ungeukaza kwa nyundo. Kumbuka kwamba mwili wa kabureta si chuma bali ni madini mepesi. Nguvu ya kifundo cha mkono yatosha. Nguvu ya bega ni ya kubebea magunia.

Kisha mpira mnene unaoleta hewa kutoka kwenye chujio. Mipira ya pikipiki kuukuu huwa imekauka na kuwa migumu kama kiatu kilichoachwa juani. Usiusukume kwa bisibisi. Umwagie maji ya moto kutoka katika birika, si moto wenyewe, ungojee dakika moja mbili ulainike, ufute maji, upake povu jembamba la sabuni ukingoni, nao utaingia. Ukague kwa kuukunja: ukiona nyufa zinazopenya, ubadilishe. Chujio nalo liwe safi. Ni kazi bure kusafisha kabureta na kuiacha ivute vumbi.

Mpira wa petroli uwe na klipu pande zote mbili, usipinde kwa kona kali, wala usiguse injini. Bomba la ziada lishuke chini, mbali na ekzosi.

Wenye kabureta zaidi ya moja

Pikipiki kubwa za zamani, kama Honda CB750 iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na kabureta nne, zina kanuni hizohizo pamoja na nyongeza moja: kabureta zote lazima zifunguke kwa pamoja. Moja ikitangulia, silinda moja hufanya kazi ya mbili, injini hutetemeka, na petroli hupotea. Kwa jicho, angalia kwamba milango yote ya hewa inaanza kupanda kwa wakati mmoja na inafikia juu kwa wakati mmoja. Marekebisho ya mwisho yataka vipimo maalumu vya mvuto wa hewa, na hapo mwenye chombo amwendee fundi mwenye vipimo hivyo. Zaidi ya hayo, kabureta zilizofungamana pamoja zisirudishwe na mtu mmoja akihangaika peke yake. Mmoja aziongoze, mwingine ahakikishe kila mpira umeingia mduara mzima na haukujikunja upande wa nyuma usioonekana.

Majaribio matatu kabla ya kuwasha

Sasa kazi imekwisha kwa macho, lakini injini isiwashwe bado. Yako majaribio matatu, na hayataki zana yoyote.

La kwanza: zungusha mshikio wa mafuta mpaka mwisho, kisha uuachie ghafla. Lazima urudi wenyewe kwa nguvu, na usikie mlango wa hewa ukigonga chini, tak. Ukirudi kwa uvivu, au ukahitaji kusukumwa na mkono, pikipiki hiyo haijawa tayari. Sababu yaweza kuwa mlango uliokaa upande, waya wa mafuta uliochakaa, au springi iliyojikunja.

La pili: rudia jaribio hilo usukani ukiwa umekatwa kushoto mpaka mwisho, na tena ukiwa umekatwa kulia. Waya uliopitishwa vibaya huvutika usukani unapokatwa, na pikipiki huongeza mwendo yenyewe kwenye kona, mahali ambapo mwendeshaji anautaka upungue. Mshikio uwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla ya waya kuanza kuvuta. Kwa pikipiki za Honda kwa kawaida ni milimita 2 hadi 6.

La tatu: fungua koki ya petroli, usimame dakika mbili, kisha upitishe kitambaa kikavu chini ya kabureta na kukinusa. Kikiwa na petroli, funga koki na utafute panapovuja.

Kuwasha na kusikiliza

Vuta choki, piga kiki. Mara ya kwanza injini yaweza kuchelewa, kwa kuwa bakuli lilikuwa tupu. Ikiwaka, mkono mmoja uwe karibu na swichi. Iache ipate joto kwa dakika chache, rudisha choki, kisha rekebisha ule mwendo wa chini ambao mafundi wengi huuita sailensi. Kwa pikipiki nyingi za jamii hii mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika yatosha. Halafu skrubu ya hewa izungushwe robo kwa robo, huku na huku, hadi mahali ambapo injini inazunguka kwa wepesi na utulivu zaidi. Mwendo ukizidi, upunguze tena kwa skrubu ya sailensi.

Injini ikipanda mwendo na kukawia kushuka, shuku ufa wa hewa. Paka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka maungio ya kabureta na injini. Mahali ambapo povu linafyonzwa na sauti ya injini ikabadilika, hapo ndipo penye ufa. Watu wengine hutumia petroli kwa jaribio hili juu ya injini yenye moto, tunawasihi waache. Ufa wa hewa usidharauliwe kwa sababu pikipiki inatembea. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huunguza kwa joto kali, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka au kukwama, gharama ambayo haiwezi kulinganishwa na bei ya oringi.

Baada ya kutembea kilomita chache bila abiria, katika barabara isiyo na msongamano, na kofia ngumu kichwani, zima injini na uiache ipoe. Kisha toa plagi uisome. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni habari njema. Weusi wa masizi ni dalili ya petroli kuzidi. Weupe wa chokaa ni dalili ya hewa kuzidi. Msomaji anayehamia kutoka Dar es Salaam kwenda nyanda za juu za Njombe asishangae plagi ikianza kuwa nyeusi ingawa hakugusa kitu. Katika kimo cha mita 2,000 hewa huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani, na jeti iliyotosha baharini humimina petroli kupita kiasi huko mlimani.

Baada ya kilomita 50 hivi, kagua tena nati mbili za kabureta na klipu za mipira. Mtikisiko wa barabara hulegeza kilichokazwa asubuhi.

Na wasio mafundi?

Huenda msomaji akasema: mimi sishiki spana, pikipiki yangu huipeleka kwa fundi aliye chini ya mwembe. Hata hivyo makala haya ni yake pia. Majaribio matatu tuliyoyataja yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mikono, mwanamume au mwanamke, kwa muda usiozidi dakika tatu, mbele ya fundi, kabla ya kulipa. Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kuona kazi yake inapimwa. Akichukia, umepata habari muhimu kuhusu kazi hiyo. Mwombe pia akuonyeshe oringi na gasketi alizozitoa, na umwulize kama zilizoingia ni mpya. Na mwenye pikipiki anayeikodisha kwa kijana wa bodaboda anao wajibu uleule: hesabu ya jioni isiwe ndiyo mazungumzo pekee kati yao. Amwulize kijana kama mshikio unarudi vizuri, naye kijana asiogope kusema kwamba haurudi.

Kuna majivuno ya halali katika kukirudisha chombo kizee barabarani kikiwa kinatembea kwa utulivu na kunywa petroli kwa kiasi. Lakini sifa hiyo haipimwi kwa wepesi wa kumaliza. Inapimwa siku ya pili asubuhi, katika makutano ya kwanza yenye watoto wa shule wanaovuka, pale mwendeshaji anapoachia mshikio na pikipiki ikamtii.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia breki za pikipiki hizihizi: jinsi ya kutambua viatu vya breki vilivyokwisha kabla havijaanza kupiga kelele. Kazi njema.